Mikono miwili, safu moja ya vibonye: uchambuzi wa Goldberg ya Glenn Gould, 1955

Kibonye kimoja hakiwezi kupigwa na mikono miwili kwa wakati mmoja. Ni jambo dogo kulitamka, lakini ndilo lililowafanya wapiga piano wengi waikwepe kwa miaka mingi Goldberg, kazi ya Bach ya vibonye, na ndilo linaloeleza kwa nini rekodi aliyoifanya Glenn Gould, kijana wa miaka 22 kutoka Toronto, mwaka 1955 bado inasikilizwa na kuigwa. Watu husifu kasi yake. Kasi ipo, lakini anayetaka kuielewa rekodi hii akiwa amekaa mbele ya piano atafute kwanza namna Gould anavyoachia vibonye.

Kazi yenyewe ilichapishwa mwaka 1741 na Balthasar Schmid wa Nuremberg. Jalada linataja wazi ala iliyokusudiwa: hapsikodi, ala ya vibonye iliyotangulia piano, yenye safu mbili za vibonye, moja juu ya nyingine. Ina Aria, yaani wimbo wa mwanzo, ya vipimo 32 (vigawanyo sawa vya mdundo) katika ufunguo wa G, halafu variesheni 30, yaani vipande vinavyoibadilisha, zinazojengwa juu ya mwendo wa besi wa Aria hiyo, siyo juu ya melodia yake, kisha Aria inarudi. Kila variesheni ya tatu ni kanoni: sauti ya pili, yaani mstari wa pili wa melodia, inafuata ya kwanza na kurudia kile ilichoimba, na umbali kati yao unapanuka hatua moja kila mara, kuanzia noti ileile katika variesheni ya 3 hadi umbali wa noti tisa katika ya 27. Tatu kati ya zote, ya 15, ya 21 na ya 25, ziko katika G maina, ufunguo wa huzuni zaidi.

Bach aliandika juu ya variesheni 11 kwamba zahitaji safu mbili: ya 8, 11, 13, 14, 17, 20, 23, 25, 26, 27 na 28. Kwa tatu nyingine, ya 5, 7 na 29, alimwachia mpigaji achague. Kwenye hapsikodi mkono wa kulia unakaa safu moja na wa kushoto nyingine, kila safu ina vibonye vyake, kwa hiyo sauti mbili zinaweza kupishana, kuingiliana, hata kugusa noti ileile kwa pamoja bila vidole kukutana. Piano ina safu moja tu. Mahali pale pale ambapo Bach anafurahia kuzungusha sauti mbili ndani ya eneo moja, mpiga piano anajikuta na vidole kumi vinavyogombea nafasi ya vitano.

Ndiyo maana hadi katikati ya karne ya 20 kazi hii ilihesabiwa kuwa mali ya hapsikodi. Mpiga hapsikodi Wanda Landowska aliirekodi Paris mwaka 1933, akairudia Marekani mwaka 1945, na kwa wasikilizaji wengi huo ndio ulikuwa mlio wa Goldberg. Mpiga piano Claudio Arrau aliirekodi kwa piano mwaka 1942, lakini rekodi yake ikawekwa kabatini na haikutoka hadi miaka ya 1980. Rosalyn Tureck alikuwa akiipiga kwa piano jukwaani, na Gould alimheshimu sana kwa hilo. Hata hivyo, Gould alipopewa mkataba na kampuni ya santuri ya Columbia, siku moja baada ya onyesho lake la kwanza New York, Town Hall, tarehe 11 Januari 1955, uchaguzi wa Goldberg kuwa santuri ya kwanza ulionekana wa ajabu. Kampuni ingependa kitu chepesi zaidi cha Bach. Yeye akashikilia neno lake.

Kurekodi kulifanyika kati ya tarehe 10 na 16 Juni 1955 katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 Mashariki, Manhattan, jengo lililokuwa kanisa. Prodyuza alikuwa Howard Scott, piano ni Steinway iliyoandikishwa CD 174. Gould alifika katikati ya joto la Juni amevaa koti zito, skafu na glavu, akiwa na taulo, chupa mbili kubwa za maji, chupa za vidonge na kiti chake mwenyewe. Kabla ya kupiga alilowesha mikono hadi kwenye viwiko katika maji ya moto kwa dakika 20. Kampuni ilitumia sana habari hizo kuiuza santuri. Kwetu la maana ni kiti na maji ya moto tu, kwa sababu vyote viwili vinahusu vidole.

Tatizo la kupishana mikono

Chukua variesheni ya 5. Mkono mmoja unakimbia kwa semikweva, noti fupi nne kwa kila mpigo, bila kupumzika, mwingine unaruka juu yake kutoka besi hadi noti za juu na kurudi, kisha mikono inabadilishana kazi. Ina vipimo 32 vya krocheti (noti za mpigo mmoja) tatu tatu, yaani krocheti 96, semikweva 384 katika mkono unaokimbia. Gould anaimaliza kwa sekunde 37. Ni zaidi ya noti 10 kwa sekunde, na hapo umehesabu hata ukimya mfupi wa mwisho.

Kwa kasi hiyo mkono unaoruka hauna muda wa kutafuta noti. Ni lazima ufike mapema, ukae juu ya kibonye, ndipo ushuke. Wanaoshindwa hapa kwa kawaida hawashindwi na semikweva. Wanachelewesha mruko, kisha wanajaribu kufidia kwa kugonga kwa nguvu, na ule mkono unaokimbia chini unasukumwa kando. Dawa ni kufanya mazoezi ya miruko peke yake kwa kasi kamili, hata kabla semikweva hazijawa tayari: noti moja chini, hamia juu, simama juu ya kibonye bila kukipiga, hesabu moja, ndipo upige. Mkono unaokimbia nao ubaki bapa na karibu na vibonye ili uache nafasi juu yake.

Katika variesheni ya 8 na ya 11 shida ni nyingine. Hapo hakuna mruko. Mikono yote miwili iko katika eneo lilelile na sauti zinapita katikati ya nyingine. Kila mpishano unahitaji uamuzi ulioandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya muziki: mkono upi juu, upi chini. Mmoja unacheza kwenye ukingo wa vibonye, mwingine unaingia ndani kati ya vibonye vyeusi, karibu na ubao wa piano, mkono wake ukiinuliwa kidogo kifundoni. Uamuzi huo ukibadilika kila siku, vidole havitajifunza kamwe.

Kisha kuna noti za pamoja. Sauti moja inafika kwenye kibonye ambacho nyingine bado imekishikilia. Kwenye piano kibonye kilichoshuka hakitoi mlio tena, kwa hiyo mkono wa pili utagusa mbao tu, na msikilizaji atasikia pengo katikati ya mstari. Kibonye cha piano kubwa kinashuka takriban milimita 10, na mtambo wake unaweza kurudia noti bila kibonye kupanda hadi juu kabisa, lakini lazima kipande kiasi. Maana yake, noti ya kwanza ni lazima ikatwe kabla ya thamani yake kamili. Nusu ya thamani ni kipimo salama cha kuanzia. Na hapa ndipo ulipo uamuzi mkubwa wa Gould: badala ya kukata noti hizo chache tu na kuacha nyingine ndefu, anafupisha noti karibu zote za sauti hiyo, ili ile iliyokatwa kwa lazima isisikike kama kasoro. Ulazima wa ala anaugeuza kuwa mtindo.

Wapo wanaotumia njia ya mkato: kugawa noti upya, mkono wa kulia ukichukua zote za juu na wa kushoto zote za chini bila kujali ni za sauti gani. Vidole vinapata nafuu. Lakini sauti moja iliyoanza mkono wa kushoto inahamia wa kulia katikati ya sentensi, uzito wa mguso unabadilika, na sikio linapoteza nani anasema nini. Katika muziki ambao raha yake yote ni kufuatilia mazungumzo ya sauti mbili, hiyo ni bei kubwa. Igawe noti moja au mbili pale ambapo kweli hakuna njia, siyo kipimo kizima.

Kuachia kibonye

Mlio wa piano unaisha kipande cha sufi kinaposhuka juu ya waya, na hilo hutokea kidole kinapoinuka. Mwanzo wa noti tunaufundishwa sote tangu somo la kwanza. Mwisho wake huachwa ujitokee wenyewe. Wapiga kinanda wa kanisani wanalijua hili kuliko wapiga piano wengi: kinanda cha filimbi hakina noti ya nguvu na noti ya upole chini ya kidole, kwa hiyo njia pekee ya kuitenganisha sauti ya alto (ya pili) na ile ya tenor (ya tatu) ni wakati wa kuinua kidole.

Gould alilipata kwa Alberto Guerrero, mzaliwa wa Chile aliyekuwa mwalimu wake Toronto. Zoezi la Guerrero linaendeshwa hivi. Weka mkono mmoja juu ya vibonye vya kifungu unachojifunza, vidole vimelegea katika mkao wao wa asili, vikigusa vibonye. Kwa ncha za vidole vya mkono mwingine, gonga kidole kinachotakiwa hadi kibonye kifike chini. Kidole chenyewe hakifanyi kazi yoyote. Kinashuka kwa kugongwa na kurudi juu chenyewe pamoja na kibonye. Noti inayofuata, kidole kinachofuata, hadi mwisho wa kifungu. Baada ya hapo piga kifungu hicho kwa mkono huohuo, polepole, kila noti stakato, yaani fupi na iliyotengwa, ukijaribu kupata wepesi uleule wa kidole kilichogongwa. Mkono mmoja kwanza, kisha mwingine, na mikono miwili pamoja mwishoni kabisa. Miongoni mwa wanafunzi wa Guerrero imebaki simulizi kwamba Gould aliipitisha Goldberg nzima kwa njia hii kabla ya kwenda studio, na ukisikiliza variesheni ya 1 hutaona sababu ya kubisha.

Makosa katika zoezi hili ni mawili. La kwanza ni kukisaidia kidole kinachogongwa, na hapo zoezi linakufa, kwa kuwa lengo ni kukizoesha kurudi bila nguvu. La pili ni kuliendesha haraka. Likienda haraka, mkono unaogonga ndio unaojifunza.

Kiti kinaingia hapa. Kilikuwa kiti cha kukunja ambacho baba yake alikikata miguu, kimo cha kukalia karibu sentimita 36, wakati benchi la kawaida la piano liko karibu na 48 au 50. Mpigaji anayekaa chini namna hiyo ana vifundo vya mikono usawa wa vibonye au chini yake, na vidole vinavuta kibonye badala ya kukikandamiza kutoka juu. Mguso unakuwa mwepesi, kidole kinarudi upesi. Anachopoteza ni uzito wa bega na mgongo: mapigo mazito ya piano, yale ya Brahms au Rachmaninoff, hayapatikani kutoka hapo. Kwa Goldberg hasara hiyo ni ndogo. Anayekata miguu ya kiti chake kwa kumwiga Gould, kisha anataka kupiga kila kitu kutoka hapo, anatafuta maumivu ya vifundo na ya mgongo. Teremsha benchi sentimita mbili au tatu, usikilize tofauti, halafu uamue.

Variesheni inayoonyesha sanaa hii ya kuachia kwa uwazi zaidi, kwa maoni yangu, ni ya 18, kanoni ya umbali wa noti sita, ingawa haitajwi sana. Sauti mbili za juu zinafuatana kwa ukaribu sana, nusu kipimo tu, noti zao zikishikiliwa kupita mpigo na kushuka polepole moja chini ya nyingine. Zote mbili kwa sehemu kubwa ziko mkono wa kulia. Chini yake besi inatembea kwa noti fupi. Gould anapiga besi hiyo kavu kabisa, kila noti imetengwa, huku juu kukiwa na legato halisi, noti zikiunganishwa bila pengo, bila pedali, lile kanyagio linaloacha waya ziendelee kulia. Kinachofanya iwezekane ni kubadilisha kidole kimyakimya: kidole cha 4 (cha pete) kinapiga, cha 5 (kidogo) kinachukua nafasi yake kibonye kikiwa bado chini, cha 4 kinakuwa huru kwa noti inayofuata. Ukitumia pedali kushikilia zile noti za juu, besi nayo itashikiliwa, na tofauti yote inayeyuka. Jaribu vipimo vinne vya kwanza mguu ukiwa sakafuni. Utajua mara moja kama vidole vyako vinasema ukweli.

Dakika 38, na sita kati ya hizo

Kila nusu ya kila variesheni imeandikiwa marudio. Ukiyapiga yote, kazi inafika dakika 75 hadi 80. Gould aliyaacha yote, na santuri nzima ni dakika 38 na nusu hivi. Santuri ya siku hizo isingebeba kazi nzima pamoja na marudio, lakini hata bila kikwazo hicho nadhani uamuzi unaendana na mpigo wake: variesheni ya 4 ni sekunde 29, ya 6 ni sekunde 34, na ya 7, iliyoandikwa kwa mwendo wa jig, dansi ya haraka, inapata dakika moja na sekunde 8. Hasara ipo. Marudio ndipo mpigaji anapobadilisha mapambo na mguso, na katika kanoni ngumu kama ya 15, ambamo sauti ya pili inafuata kwa kugeuza juu chini, sikio linahitaji nafasi ya pili. Gould mwenyewe aliporekodi tena mwaka 1981 alirudisha marudio ya nusu ya kwanza katika baadhi ya variesheni, kanoni hasa.

Katikati ya mbio hizi imekaa variesheni ya 25: dakika 6 na sekunde 28. Moja ya sita ya santuri nzima imetolewa kwa vipimo 32 tu. Krocheti moja inachukua takriban sekunde nne. Kwa mwendo huo adui wa mpiga piano ni mlio unaofifia. Noti ikishapigwa inaanza kupungua papo hapo, na inayofuata ikipigwa kwa nguvu ya mwanzo, itachomoza kama kelele mbele ya mkia wa ile iliyotangulia. Siri ni kuipiga noti inayofuata kwa kiwango ambacho ile ya kwanza imebakia nacho, siyo kiwango ilichoanza nacho, kisha kuongeza tena kidogo kidogo pale melodia inapopanda. Mkono wa kushoto nao uwe chini ya kiwango hicho daima. Gould anafanya hivyo kwa uvumilivu mkubwa, na ndiyo sababu mstari haukatiki.

Baadaye aliikana. Katika mazungumzo na mwandishi wa muziki Tim Page mwaka 1982 alilalamika kwamba variesheni hiyo ya 1955 inasikika kama nokteni ya Chopin, yaani kipande cha piano cha taratibu chenye hisia nyingi. Katika rekodi ya 1981, ambayo kwa ujumla ni ndefu kwa takriban dakika 13, variesheni ya 25 ilikwenda kinyume: imekuwa fupi kwa sekunde 25. Sikubaliani naye kwamba ya kwanza ni kosa. Baada ya variesheni nyingi za chini ya dakika moja, msikilizaji anahitaji mahali ambapo muda wenyewe unabadilika, na kromatiki za Bach hapo, noti zinazosogea kwa nusu hatua, zinabeba uzito huo bila kuvunjika. Ninachokubali ni kwamba wanaoiga mwendo huo bila udhibiti wa viwango vya mlio wanaishia kutoa noti moja moja zisizojuana.

Aria nayo ina fundisho lake. Kwa maelezo ya Gould mwenyewe, aliiacha hadi variesheni ziwe zimekwisha, kisha akatumia teki 20, yaani majaribio 20 ya kurekodi, kuiondolea hisia za ziada kabla ya kupata aliyoitaka. Iliyotoka ni ya dakika 1 na sekunde 53. Inaporudi mwishoni ni dakika 2 na sekunde 10, noti zilezile.

Kurekodi kulifanyika kwa utepe, na utepe ulikatwa kwa wembe na kuungwa. Kuunga kunahitaji mlio wa teki ya kwanza ukatike pale pale ya pili inapoanza. Kukiwa na mwangwi wa pedali uliobaki, mshono unasikika. Mguso mkavu wa Gould ulifanya kazi hiyo iwe rahisi kuliko kwa mpigaji wa pedali nyingi. Mwaka 2017 Sony ilitoa vipindi vyote vya Juni 1955 katika seti ya diski 7, pamoja na teki zilizoachwa na mazungumzo ya studio. Kwa mwanafunzi wa piano hiyo ina thamani kuliko maelezo yoyote: unasikia variesheni ileile ikijaribiwa kwa mwendo na mguso tofauti, na unaona kwamba wepesi ule ulichaguliwa.

Ukinunua toleo la zamani, angalia aina ya sauti. Rekodi ya asili ni mono, namba ML 5060, iliyotoka Januari 1956. Baadaye Columbia ilitoa toleo lililogeuzwa kuwa stereo kwa njia ya kielektroniki, MS 7096. Liache. Ugeuzaji huo unatawanya noti za juu na za chini pande mbili na kuweka ukungu kwenye mwisho wa kila noti, mahali ambapo rekodi hii ina kila kitu cha kukufundisha. Chukua mono, tumia spika moja au vipokea sauti vya masikioni, na anza na ya 18.